Kutoka Gazeti la Ukutani hadi Simu ya Kiganjani

Ndugu Mhariri ameniomba niandike historia fupi ya gazeti letu la ukutani. Nimekubali, ila nitakwenda mbele kidogo, maana historia ile haikuishia ukutani.

Waliosoma nami wataukumbuka ubao uliokuwa kando ya mlango wa bwalo. Kila Jumamosi kamati ilibandika karatasi mpya: matokeo ya mpira, mashairi, vichekesho, na malalamiko juu ya maharage yenye wadudu. Mwaka 1979 nilikuwa Kidato cha Tatu, na ndimi niliyekuwa katibu wa kamati hiyo. Nchi ilikuwa vitani na Idi Amin, nasi tuliandika habari za vita mpaka karatasi zikatuishia. Lakini lilikuwapo jambo moja, karibu kabisa nasi, ambalo hatukuliandika kama ilivyopasa.

Jirani yangu wa kitanda, kijana hodari wa hesabu, alianza kunyamaza. Kwanza aliacha mpira, kisha akaacha kula, kisha usingizi ukamkimbia. Usiku alikaa juu ya sanduku lake la bati akitazama dirisha. Jambo lile hatukuwa na jina lake. Tulikuwa na neno moja tu, "Mirembe", yaani ile hospitali ya Dodoma, nasi tulilitamka kwa kicheko. Tena sina budi kusema kweli: mimi mwenyewe nilibandika kibonzo chake ukutani. Sikuweka jina, lakini hakuna asiyemtambua. Kilikaa juma zima. Juma lililofuata alisindikizwa kituo cha basi na sanduku lake. Paredini tuliambiwa kwamba amekwenda nyumbani kupumzika. Hatukuuliza zaidi, wala hakuna aliyemwandikia barua.

Baadaye, nikiwa mtu mzima, nilianza kusoma jinsi watu wengine walivyolishika jambo hili. Nikaona kwamba mara nyingi mwanzo wake ni mtu mmoja aliyekosa wa kumwuliza. Mwaka 1935 huko Uingereza kasisi kijana, Chad Varah, alizika binti mdogo aliyejiua. Binti yule alikuwa amevunja ungo, akadhani amepata ugonjwa wa aibu, na hakuwa na mtu wa kumweleza. Kasisi hakusahau. Mwaka 1953 alitangaza namba ya simu katika kanisa lake mjini London, ili aliyekata tamaa apige na kusikilizwa. Hivyo ndivyo walivyoanza Samaritans. Mwaka 1970 katika Chuo Kikuu cha Essex ikafunguliwa huduma ya namna hiyo, iliyoitwa Nightline. Wasikilizaji walikuwa wanafunzi wenyewe, na saa zao zilikuwa za usiku, wakati ambapo ofisi zote zimefungwa na mawazo hayajafungwa.

Huko Marekani, Alison Malmon alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu alipofiwa na kaka yake, Brian, mwaka 2000. Brian naye alikuwa mwanafunzi. Alikuwa ameuficha ugonjwa wake kwa muda mrefu, na mwisho akajiua. Dada yake alianzisha kikundi cha wanafunzi cha kulizungumza jambo hili hadharani, nacho kikaja kujulikana kwa jina la Active Minds na kuenea katika vyuo vingi. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Harvard, wanafunzi wengine walianzisha Facebook. Mitandao hii basi ni mtoto wa mabweni, kama lilivyokuwa gazeti letu. Na kama gazeti letu, ilibeba neno la faraja na kibonzo cha kumdhihaki mtu kwenye ubao mmoja. Tofauti ni kwamba karatasi yangu ilibanduliwa Jumamosi iliyofuata, na ya leo haibanduki.

Karibu na kwetu, Mkenya Tom Osborn, aliyesoma Harvard hiyo hiyo, alianzisha na wenzake kazi waliyoiita Shamiri, neno letu la Kiswahili. Vijana waliomaliza sekondari karibuni, wasio madaktari, walikutana na wanafunzi wa Kenya katika vikundi, mara nne tu, mara moja kwa juma. Walizungumza juu ya kukua, kushukuru, na yale wanayoyathamini maishani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa wanafunzi hao kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Huko huko Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Mgonjwa hatibiwi kwa pingu.

Sasa nirudi kwetu. Mwaka 2016 wanafunzi wa zamani tulifungua kundi letu la WhatsApp. Siku moja mtu aliongeza namba mpya, na jina nililoliona lilinifanya nikae chini. Alikuwa jirani yangu wa kitanda. Nilimpigia simu faraghani, nikamwomba radhi kwa kile kibonzo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kibonzo nilikisahau, ndugu yangu. Barua ndiyo niliyoingoja."

Alikuwa ametibiwa, akapona, akafundisha hesabu miaka mingi. Leo mwenzetu akiandika katika kundi saa nane za usiku kwamba hapati usingizi, yeye ndiye wa kwanza kujibu. Hamshauri mbele ya watu. Humwandikia peke yake: "Nipo macho. Nikupigie?" Mara mbili nimemwona akituma mtu wa karibu abishe hodi mlangoni kwa mwenzetu kabla jua halijachomoza, na mara zote mbili mlango ulifunguliwa.

Wadogo zangu mlioko shuleni, najua simu hairuhusiwi bwenini. Ubao bado upo. Uandikeni kwamba sonona ni ugonjwa na inatibika, na kwamba mwalimu wa malezi hupatikana siku fulani, mahali fulani. Andikeni na namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo haitozwi fedha. Mtakapofika vyuoni na kufungua makundi yenu, yashikeni haya matatu. Habari ya jumla ni ya ukutani, lakini habari ya mtu ni ya sikioni. Picha ya maneno yake isisambazwe. Anayenyamaza ndiye wa kutafutwa, kuliko anayepiga kelele. Na simu si daktari: akisema hataki kuishi, msiishie kumwandikia, nendeni alipo, mkae naye, mmwite mtu mzima, mmfikishe hospitali.

Kama yupo jirani yako wa kitanda ambaye hujasikia habari zake tangu mlipoachana, namba yake pengine imo ndani ya simu yako. Usingoje mkutano wetu wa mwakani. Mpigie leo usiku.