Nkambo na mwijukulu mu kambi ya kazi

Kwa Wabemba, ambao walikuwa kati ya wafanyakazi wa kwanza wa muji wetu, mtoto akisha kuachishwa ziwa alipelekwa kwa nkambo. Huko njo alijifunza kula bukari pamoja na wenzake, kusalimia wakubwa na kusikiliza hadisi pa moto. Utani uliruhusiwa: mzee alimwita mwijukulu wa kike "bibi yangu", mtoto akacheka. Wazazi walikuwa shambani. Nkambo njo alikuwa na wakati.

Kazi ya shaba ilivunja desturi hiyo. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, mwanzoni ilitaka wanaume tu, kwa mikataba mifupi. Kuelekea 1928 ikageuza: mfanyakazi alete bibi, wazae mu kambi. Daktari Léopold Mottoulle, aliyeongoza idara ya wafanyakazi Waafrika, alisimamia siasa hiyo. Posho ikahesabu bibi na watoto. Watoto wachanga wakapimwa kilo, mama wakafundishwa namna ya kuwalisha, na vifo vikapungua kweli, hilo tusilikatae. Lakini nkambo hakuhesabiwa. Akitoka kijijini kuona mwijukulu, alikuwa mgeni, na mgeni aliomba ruhusa kwa changa-changa, mkubwa wa kambi. Kazi yake ilishikwa na munganga, masista na mwalimu.

Watu wakazoea kuita kampuni baba na mama. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu alikipa kitabu chake cha 2001 jina Bana Shaba abandonnés par leur père, yaani watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Baba huyo, Gécamines, alitoa tani karibu 476.000 za shaba mwaka 1986. Mwaka 1994 hazikufika 40.000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka "kwa hiari". Hiari gani, ya mtu asiyelipwa miezi na miezi! Mama akaenda kuuza sokoni, baba akatafuta kuchimba, mtoto akabaki mu lupango na mzee. Nkambo akarudi kazini.

Na mimi nilikaa hivyo na mwijukulu wangu wa miaka mitatu, asubuhi mpaka mangaribi. Tulihesabu vifuniko vya chupa. Aliniuliza jina la kila ndege. Watoto wa majirani wakaanza kuja, watano, kisha kumi na wawili, maana shule ya maternele ilitaka franka ambazo wazazi hawakuwa nazo. Nikaita wazee wengine wawili. Mmoja alijua hadisi za Kiluba, mwingine alipika uji wa mahindi na karanga. Kila nyumba ilileta kikombe cha unga kwa juma. Tulitandika mikeka chini ya mwembe, basi.

Miaka ile watoto wengi walifukuzwa nyumbani kwa kusingiziwa uchawi. Sheria ya 10 Januari 2009 ilikuja kukataza. Lakini mtoto ambaye wazee wa mtaa wanamwona kila siku, wanajua kicheko chake na homa yake, si rahisi kumsingizia. Mmoja wa wale kumi na wawili alikuwa tayari anaitwa mchawi kwao. Nkambo wa hadisi alimlaza kwake majuma matatu, kisha akamshika mkono akamrudisha mwenyewe, akakaa pale mpaka wakala pamoja.