Jedwali na Mpaka: Masharti ya Hifadhidata katika Historia ya Busia na Tororo

Neno hifadhidata limekwisha kuzoeleka madarasani mwetu. Lisilozoeleka sana ni wazo la masharti, yaani kanuni zinazoliambia jedwali ni habari ipi ipokewe na ipi ikataliwe. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba watu wa mpaka wa Kenya na Uganda waliishi chini ya masharti ya namna hiyo kabla ya kompyuta kuwafikia.

Mwaka 1970 E. F. Codd, mtaalamu wa kampuni ya IBM, alichapisha makala iliyoweka msingi wa hifadhidata za majedwali. Humo alieleza aina mbili za funguo. Ufunguo mkuu humtambulisha kila mtu au kitu kwa namna ya pekee. Ufunguo wa pili, ambao hapa tutauita ufunguo rejea, huhakikisha kwamba kila kinachotajwa katika jedwali moja kimo katika jedwali jingine. Kisipokuwamo, safu nzima hukataliwa.

Sasa tugeukie mpakani. Mwaka 1902 Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda ukawa sehemu ya himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Wasamia wa Busia wakajikuta pande mbili za mpaka, na Wateso wa Tororo vivyo hivyo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ikasema kwamba raia wa kuzaliwa ni pamoja na mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi wake au babu au bibi yake ni wa jamii zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926. Jamii hizo ziliorodheshwa, nazo zilikuwa 56, wakiwemo Basamia, Bagwe, Iteso na Jopadhola. Huu ni ufunguo rejea kamili: jamii isipokuwa katika orodha, mlango huo wa uraia haufunguki. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa na jamii zikawa 65. Waliongezwa hawakuzaliwa mwaka huo. Orodha ndiyo iliyochelewa kuwaona.

Sharti la pili lilikuwa mtu mmoja, uraia mmoja. Uganda ililiondoa mwaka 2005, na Kenya ikafuata kwa katiba yake ya mwaka 2010. Kabla ya hapo, Msamia mwenye shamba upande mmoja na wazazi upande wa pili alilazimika kuchagua. Hakubadilika yeye, kilichobadilika ni kanuni ya jedwali.

Hapa ndipo mwalimu wa lugha anapohusika. Orodha ya Uganda husema Basamia na Iteso. Kiswahili husema Wasamia na Wateso. Na Kenya huwahesabu Wasamia miongoni mwa Waluhya. Kwetu sisi, ba-, wa- na i- ni viambishi tu, na mzizi unajulikana. Kwa mashine, Basamia na Wasamia ni maneno mawili yasiyohusiana. Karani akiliandika jina kwa umbo lisilo katika orodha, mtu halali hukataliwa kwa sababu ya kiambishi.

Dawa yake si kuyaondoa masharti, kwani jedwali lisilo na masharti hujaa makosa na majina yanayorudiwa. Dawa ni kuipa kila jamii namba yake, kisha maumbo yote ya jina lake yawekwe katika jedwali la pembeni yakielekezwa kwenye namba hiyo. Vilevile uraia usiwe safu wima moja ndani ya jedwali la watu, bali uwe na jedwali lake, ili mtu mmoja aweze kuwa na nchi mbili.

Tunawashauri walimu wawape wanafunzi zoezi hili: waorodheshe majina ya jamii za mpakani, watenge mizizi na viambishi, kisha waulize ni umbo lipi liwe ufunguo, na ni nani atakayebaki nje likichaguliwa vibaya.