Chombo Nchi Kavu: Historia ya Kupweleza na Kupandisha Vyombo katika Pwani na Maziwa ya Afrika Mashariki

Anayefika Lamu, Nungwi au Kilwa Kivinje maji yakiwa yamekupwa hukuta mashua na majahazi yamesimama mchangani, yakiegemezwa kwa magadi, mengine yamelazwa ubavu. Kwa mpangaji wa miji, huo ni ufuko uliojaa vyombo visivyofanya kazi. Kwa fundi wa vyombo, kazi inaendelea: kuna chombo kinachokaushwa, kuna kinachochomwa chini kwa makuti, kuna kinachosubiri maji ya bamvua ili kishushwe. Sera za pwani na za maziwa katika nchi zetu mara nyingi zimeandikwa kwa jicho la kwanza. Makala hii inachunguza jicho la pili lilivyojengeka kihistoria, na inatetea hoja moja: wenyeji wa pwani hawakupata kuchagua kati ya kuweka chombo majini na kukiweka nchi kavu. Walichopima ni muda wa kukikausha, na kipimo chao kilitegemea kuwapo kwa ukanda mwembamba wa mchanga ambao leo unapotea.

Adui wa majini

Sababu ya kwanza ya kukitoa chombo baharini ni mdudu atoboaye mbao, ambaye wataalamu humwita teredo. Umbo lake ni la mnyoo, lakini kwa jamii ni ndugu wa chaza na kome. Huingia katika mbao akiwa mdogo sana, kupitia tundu lisiloonekana kwa urahisi, kisha hukua ndani na kuchimba njia kufuata nyuzi za mti. Ubao huweza kuonekana mzima kwa nje ilhali ndani umebaki kama sega. Huyu ni kiumbe wa maji ya chumvi, na bahari yenye joto humfaa kuliko bahari ya baridi. Ndiyo maana chombo cha mbao kilichoachwa majini mfululizo katika pwani ya Afrika Mashariki huharibika upesi.

Je, kukausha humwua? Si upesi kama inavyodhaniwa. Teredo ana vifuniko viwili vidogo mkiani, na maji yakimtoka huziba mlango wa tundu lake akaishi kwa akiba iliyomo mwilini kwa wiki kadhaa. Saa chache za maji kupwa hazimdhuru. Hapo ndipo moto unapoingia. Fundi huwasha makuti makavu akayapitisha chini ya chombo, polepole kiasi cha joto kupenya ubao bila kuuunguza, na moto huo huondoa pia mwani na magamba yaliyojishika. Baada ya moto hupakwa deheni, yaani chokaa iliyokandwa na shahamu, sehemu yote inayokaa chini ya maji. Mbao za juu, ambazo adui wao ni jua na mvua, hupakwa sifa, mafuta ya ini la papa ambayo harufu yake haihitaji kuelezwa kwa mtu wa pwani.

Utaratibu huu ni wa kale na eneo lake ni pana. Ibn Jubayr, msafiri kutoka Andalusia, alipofika bandari ya Aydhab katika Bahari ya Shamu mwaka 1183, aliviona vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za usumba na kupakwa mafuta, na akaeleza kwamba mafuta ya papa ndiyo yaliyothaminiwa kuliko mengine. Alielewa kuwa shabaha ya mafuta hayo ni kulainisha mbao ili zihimili miamba mingi ya bahari ile. Karibu karne tatu kabla yake, al-Mas'udi, aliyesafiri hadi pwani ya Wazanji, alidai kwamba vyombo vya bahari hii havikupigiliwa misumari kwa sababu maji yake huyeyusha chuma. Dai hilo limechekwa na baadhi ya wanahistoria, lakini kuna ukweli ndani yake. Msumari wa chuma unaoloweshwa kwa maji ya chumvi kisha ukapata hewa, tena na tena, hula kutu haraka kuliko ule unaobaki majini daima, na kutu hiyo huozesha ubao unaouzunguka. Chombo kinachoishi kwa kupwelewa na kuelea kina sababu nzuri ya kuikwepa misumari. Mtepe wa Lamu na wa visiwa vya Wabajuni, ulioshonwa kuanzia mkuku hadi ukingoni, ulidumu hadi karne ya 20. Ulivuja, na mabaharia wake walikumba maji bila kupumzika. Lakini uliweza kukaa juu ya mchanga na kupigwa na mawimbi ya ufukoni bila kuvunjika viungo, kwa kuwa viungo vyake vilikuwa kamba.

Kipimo cha bamvua

Pwani kuanzia Lamu hadi Kilwa imejaliwa jambo ambalo bandari nyingi za Bahari ya Kati hazina: tofauti kubwa ya maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, tofauti hiyo hufikia takriban mita 4 Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Wakati wa maji mafu hupungua sana. Kwa hiyo kati ya alama ya juu ya maji mafu na alama ya juu ya bamvua kuna ukanda wa mchanga unaofikiwa na bahari kwa siku chache tu, mara mbili kwa mwezi mwandamo.

Nahodha anayetaka kusafisha chombo kwa siku moja hukipweleza chini, katika eneo linalofunikwa kila siku. Asubuhi kinakauka, alasiri kinaelea. Anayetaka kubadili ubao au kutia kalafati upya hukileta juu kabisa bamvua inapofika kilele chake, akakikita magadi, na bahari yenyewe humwachia chombo hadi bamvua nyingine, kiasi cha wiki mbili. Anayetaka kukipumzisha kwa msimu mzima, hasa kusi inapovuma kwa nguvu, hana budi kukivuta hata kupita alama hiyo kwa mirunda na kwa watu. Sauti ya wavutaji, “harambee”, ambayo Kenya iliifanya kaulimbiu ya taifa, ni ya kazi za namna hii. Hatua mbili za kwanza hugharimu kusubiri tu. Hatua ya tatu hugharimu nguvu za watu wengi, chakula chao, na deni la kurudisha msaada siku chombo cha jirani kitakapovutwa.

Hasara za nchi kavu huanza papo hapo. Mti uliokaa majini umejaa unyevu. Ukikauka husinyaa kwa upana, mbao zikaachana na kalafati ikalegea. Chombo kilichokaa juani miezi miwili kikirudishwa majini huvuja kama kapu hadi mbao zitakapovimba tena, na pengine mwenyewe hukijaza maji makusudi au hukiacha kizame kina kifupi kwa siku moja au mbili. Msaji wa Malabar, wenye mafuta yake ya asili, huvumilia mabadiliko hayo. Mwembe, ambao ndio ngalawa nyingi huchongwa kwao, hupasuka. Ndiyo sababu ngalawa hufunikwa kwa makuti au huwekwa chini ya mti. Mvua nayo ina madhara ambayo wengi huyasahau: maji ya chumvi huzuia ukungu unaoozesha mbao, ilhali maji ya mvua yaliyotuama ngamani huulisha. Chombo kilichopandishwa kukwepa mawimbi ya masika kinaweza kuozeshwa na masika yenyewe. Zaidi ya hayo, chombo kirefu kisichoegemezwa sawasawa hujipinda mkuku kwa uzito wake, na kupinda huko hakunyooki.

Fundi hujiuliza, basi, ni madhara gani yanatangulia kwa chombo hiki, kwa mti huu, katika msimu huu. Jibu la kawaida katika pwani yetu lilikuwa kukausha kwa muda mfupi na mara nyingi.

Vyombo vyenye matumbo ya kina

Vyombo vilivyokuja bila umbo la kukalia mchanga vililipa gharama nyingine. Vasco da Gama alipoingia mto ulio karibu na Quelimane mwanzoni mwa mwaka 1498, msafara wake ulikaa zaidi ya mwezi mmoja ukilaza na kusafisha merikebu, huku mabaharia wakiugua. Hata Zanzibar, karne tatu na nusu baadaye, haikuwa na gudi la kutosha merikebu kubwa. Sultana, chombo cha Sayyid Said kilichoundwa Bombay, kilifika New York mwaka 1840 kikiwa na mjumbe Ahmad bin Na'aman, na hali yake ilikuwa mbaya kiasi kwamba karakana ya jeshi la wanamaji la Marekani ilikifanyia matengenezo makubwa kama zawadi kwa mtawala wake. Historia ya kidiplomasia hukitaja kitendo hicho kama adabu ya mataifa. Historia ya vyombo inaweza kukisoma vingine: dola iliyonunua merikebu za kina kirefu ilikuwa imenunua pia utegemezi wa gudi za wengine.

Maziwani, ambako mdudu hayupo

Utaratibu wa pwani haufai kunakiliwa maziwani bila kufikiri. Teredo hayupo katika Ziwa Victoria wala Ziwa Tanganyika, na hakuna kupwa na kujaa kunakoweza kumsaidia nahodha. Mitumbwi mikubwa ya Buganda, ambayo Stanley aliiona mwaka 1875 katika vita vya Kabaka Mutesa na Wavuma, ilikuwa ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea, na mafundi mashuhuri wake walikuwa watu wa visiwa vya Ssese. Kuipandisha mitumbwi ya namna hiyo kulikuwa na maana ya kuiepusha na dhoruba, na wizi au moto wa adui. Kuikausha mno kulilegeza mshono. Huko, nchi kavu ilikuwa ulinzi kuliko tiba.

Mfano ulio mbali kabisa na mchanga wa Lamu ni wa meli ya chuma. Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikasafirishwa vipande vipande na kuungwa Kigoma, ikaanza kazi mwaka 1915. Mwezi Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, lakini kwanza mafundi walizipaka injini grisi nene. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka hiyo yote chini ya ziwa haikuiua. Maji baridi yasiyo na chumvi, na grisi iliyozuia hewa, vilifanya kazi ambayo gudi lingefanya. Kisa hiki hakifundishi kwamba meli zizamishwe. Kinaonyesha kwamba swali la kuhifadhi huanza na sifa za maji husika.

Nani mwenye mchanga

Mambo mawili yamebadili hesabu katika miongo ya karibuni. La kwanza ni boti za faiba. Hizi hazitobolewi na mdudu, lakini zikikaa majini mfululizo maji hupenya taratibu na kutoa malengelenge, na zikikaa juani ngozi yake ya nje hufifia na kuwa unga. Zinahitaji nchi kavu yenye kivuli, yaani banda. Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni mwa bahari na maziwa. Lengo ni jema. Lakini banda la boti, tofauti na hoteli, halina maana likiwa mbali na maji, na ni vigumu kuona faida ya kumtendea mwenye banda la makuti sawa na mwenye ghorofa.

La pili ni rangi za sumu, ambazo zilionekana kuufuta kabisa ulazima wa kupweleza. Zile zenye viambato vya bati zilifanikiwa sana, hadi ilipogunduliwa kwamba zinavuruga uzazi wa konokono na chaza wa baharini. Mkataba wa kimataifa wa kuzipiga marufuku ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2008. Moto wa makuti na deheni haukupata kuhitaji mkataba.

Maziwani tatizo limekuja na maji yenyewe. Ziwa Victoria lilipanda kupita kiasi mwaka 2020 na tena 2024, na Ziwa Tanganyika likafurika Bujumbura na kwingineko katika kipindi hicho hicho. Mialo iliyofunikwa ilikuwa pia mahali pa kuundia, kukarabatia na kulaza mitumbwi, na mipango ya kuwahamisha watu wa mialo huhesabu nyumba mapema kuliko inavyohesabu nafasi ya vyombo.

Baharini, mshindani ni ukuta. Mwenye kiwanja cha ufukweni anayejikinga na mmomonyoko hujenga ukuta wake pale anapoona maji yanafika, na mara nyingi hapo ni kwenye alama ya bamvua au chini yake kidogo. Kwenye ramani, umma bado una ufuko: maji yakipwa mchanga unaonekana, na watu wanapita. Kilichoondoka ni ule ukanda wa wiki mbili. Mashua bado inaweza kusafishwa kwa saa za kupwa, lakini haiwezi tena kubadilishwa ubao, kwa maana kila maji yanapojaa yanaifikia, na makuti hayawezi kuwashwa karibu na ukuta wa mtu. Tathmini za athari kwa mazingira zinazopima upana wa ufuko wakati wa maji kupwa haziuoni upotevu huo. Zingeuona kama zingepima upana wa mchanga uliobaki mkavu siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa, na kuuliza ni vyombo vingapi vinaweza kukitwa magadi hapo.