Dawa ya Polio ya Stanleyville: Ilikuwa Safi?

Mto Lindi huingia katika mto mkubwa wa Kongo karibu na mji wetu, upande wa kufuata maji. Huko, mwaka 1956, ilifunguliwa kambi ya sokwe chini ya Ghislain Courtois, daktari Mbelgiji, mkuu wa maabara ya Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Walikusanywa sokwe mamia, ili wajaribiwe dawa mpya ya kukinga polio, ule ugonjwa wa kupooza. Dawa hiyo, jina lake CHAT, ilitengenezwa na Hilary Koprowski wa Wistar Institute, Philadelphia, Marekani. Haikuchomwa kwa sindano, ilitiwa kinywani tu. Mwaka 1958, katika bonde la Ruzizi, watu zaidi ya 200,000 walipewa kwa majuma machache.

Je, dawa ya namna hii hufanywaje? Virusi haviwezi kuzaana peke yao. Hukuzwa ndani ya chembe hai, kama zile za figo za kima, nazo chembe hulishwa maji yenye rutuba. Basi kila kijidudu huyatamani maji hayo! Bakteria wa kawaida huyachafua, na jicho likaona. Lakini mikoplasma ni mdogo mno, aweza kupenya hata katika chujio. Hana ukuta ule ambao penisilini huubomoa. Naye huzaana tele, maji yakabaki maangavu. Mwaka 1956 wataalamu wa Marekani walimkuta katika chembe za HeLa, zilizokwisha kuenea katika maabara nyingi. Mwaka 1960 ikajulikana kwamba virusi vya kima, SV40, vilikuwamo katika chanjo za polio zenyewe. Kumbe kutazama hakutoshi. Ni lazima kuotesha sahanini na kungoja majuma, au, kama siku hizi, kutafuta DNA ya mgeni huyo.

Mwaka 1999 Mwingereza Edward Hooper alitoa kitabu, The River, akidai kwamba CHAT ilikuzwa katika figo za sokwe wa Lindi, na kwa njia hiyo ukimwi, tunaouita sida, uliingia kwa watu. Neno zito, nalo latuelemea sisi wa Mangobo kuliko watu wa Philadelphia, maana waliofunguliwa vinywa walikuwa wazee wetu. Koprowski na wenzake walikana. Lakini kukana si kupima.

Bahati njema, chupa kadhaa za zamani zilikuwa zimewekwa katika baridi kali. Maabara mbalimbali zilizipima, na mwaka 2001 zikatangaza: virusi vya ukimwi hamna, DNA ya sokwe hamna, iliyomo ni ya kima. Wenye shaka wakajibu kwamba chupa hizo si zile za Stanleyville. Twaona walikuwa na haki ya kusema hivyo.

Basi ikabidi kuja msituni kwetu. William Hamilton, mtaalamu wa Oxford, alikuja mwanzo wa mwaka 2000 kutafuta mavi ya sokwe; akarudi kwao na malaria, akafa mwezi wa Machi. Mwenzake Michael Worobey hakuacha kazi. Mwaka 2004 alitangaza kwamba sokwe wa pande za Kisangani wanavyo virusi kweli, ila ni vya ukoo mwingine, wala si wazazi wa vile vilivyoenea kwa watu. Tena mwaka 2008 yeye na wenzake walihesabu kwamba vile vya watu vilianza kuenea karibu na mwaka 1908, yaani yapata miaka hamsini kabla ya sokwe wa kwanza kufungwa Lindi.