Tangi kubwa la samaki wa maji chumvi: Linunuliwe jipya au lililotumika?

TANGI la samaki wa baharini lenye urefu wa karibu mita mbili ni pambo linalovutia katika nyumba, hoteli na ofisi za mijini. Hata hivyo, ni miongoni mwa vitu vichache vya sebuleni ambavyo vikipasuka huweza kuharibu sakafu, nyaya za umeme na mali za jirani wa ghorofa ya chini kwa muda wa dakika chache.

Kwa sababu hiyo, uamuzi wa kununua tangi jipya au lililokwisha kutumika haupaswi kufanywa kwa kulinganisha bei mbili pekee. Yapo mambo matatu yenye uzito zaidi ya bei: umri wa gundi inayoshikilia vioo, dawa zilizowahi kutiwa ndani ya tangi, na hali ya vifaa vinavyouzwa pamoja nalo.

Katika miji kama Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, matangi yaliyotumika huingia sokoni pale familia inapohama, hoteli inapofanyiwa ukarabati au mwenye nalo anapochoshwa na kazi ya kulitunza. Muuzaji wa namna hiyo huwa na haraka, na bei yake huwa ya kuvutia. Mnunuzi asiyejua la kuuliza huweza kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Uzito wa tangi na nyumba litakapokaa

Kipimo kinachopendwa na wafugaji wengi wa samaki wa baharini ni tangi lenye urefu wa sentimita 183, upana wa sentimita 61 na kimo cha sentimita 61. Tangi hilo huchukua takriban lita 680 za maji.

Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025, hivyo maji peke yake yana uzito wa karibu kilo 700. Vioo vya unene wa milimita 12 huongeza kilo 120 hivi. Yakiongezwa mawe, mchanga na meza ya kulibeba, mzigo wote hukaribia tani moja.

Mzigo huo hukaa kwenye eneo lisilozidi sana mita moja ya mraba. Kwa viwango vya ujenzi vya Uingereza, sakafu ya nyumba ya kuishi hukadiriwa kubeba kilo 150 kwa kila mita ya mraba, zikiwa zimesambaa chumba kizima. Kwa mwenye nyumba ya chini yenye sakafu ya zege iliyolala juu ya ardhi, tatizo ni dogo. Kwa anayeishi ghorofani, ushauri wa mhandisi ni wa lazima kabla ya kulipa hata malipo ya awali, liwe tangi jipya au la zamani.

Aidha, maji hayo hayakai tu, bali yanasukuma. Katika tangi la kipimo hicho, kioo kikubwa cha mbele hubeba nguvu inayolingana na uzito wa kilo 350 hivi, usiku na mchana, kwa miaka yote tangi litakapokuwa na maji. Kinachozuia nguvu hiyo ni mstari mwembamba wa gundi ya silikoni pembeni mwa vioo.

Gundi na vioo vya kukagua

Kioo chenyewe hakizeeki upesi. Kinachozeeka ni silikoni. Swali la kwanza kwa muuzaji, kwa hiyo, ni mwaka ambao tangi liliundwa. Tangi lililopita miaka kumi si la kukataliwa papo hapo, lakini bei yake inapaswa kuzingatia uwezekano wa kuundwa upya.

Mnunuzi akague maungio yote kwa tochi. Viputo vya hewa ndani ya gundi, sehemu zilizogeuka rangi, au silikoni inayobanduka kwa kucha ni dalili mbaya. Mipasuko midogo kwenye kingo na pembe za kioo ni hatari kuliko mikwaruzo ya katikati, kwa kuwa ufa mkubwa huanzia pembeni. Mbavu za juu zinazozuia kioo cha mbele na cha nyuma visipanuke nazo zikaguliwe, hasa zikiwa za plastiki na tangi likiwa limeanikwa juani kwa muda mrefu.

Baadhi ya wauzaji hupaka silikoni mpya juu ya ile ya zamani na kudai kwamba tangi limekarabatiwa. Silikoni mpya haishikamani vema na silikoni iliyokwisha kukauka. Ukarabati wa kweli ni kutenganisha vioo, kukwangua gundi yote ya zamani, kusafisha na kuunganisha upya, kazi ambayo gharama yake huweza kukaribia ya kuunda tangi lingine.

Kwa matangi ya akriliki, hali ni tofauti kidogo. Akriliki ina uzito usiofikia nusu ya ule wa kioo cha ujazo uleule, na mikwaruzo yake inaweza kung'arishwa ikatoka. Lakini hukwaruzika kwa urahisi, na vimistari vingi vidogo vinavyofanana na utando wa buibui ndani ya ukuta wake ni ishara kwamba imechoka.

Jaribio la uhakika ni moja. Tangi liwekwe nje au kwenye karakana, juu ya sehemu iliyosawazishwa kwa pima maji, kisha lijazwe maji ya bomba hadi juu na kuachwa kwa siku saba. Karatasi kavu zikitandazwa chini yake, hata tone moja litaonekana. Muuzaji anayekataa jaribio hilo, na ambaye tangi lake halina maji siku ya kulitazama, anastahili kupunguza bei au kuachwa.

Shaba, sumu isiyoonekana

Jambo la pili ni historia ya dawa. Samaki wa baharini hushambuliwa na ugonjwa wa madoa meupe unaosababishwa na kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans, na dawa inayotumika sana dhidi yake ni shaba.

Dawa hiyo humponya samaki, lakini ni sumu kwa kamba, konokono, matumbawe na viumbe wengine wasio na uti wa mgongo, hata ikiwa kidogo. Mawe na mchanga wa chokaa huinyonya shaba na kuiachia polepole baadaye. Mnunuzi anaweza kujaza maji mapya, akaweka matumbawe, kisha akayaona yakifa moja baada ya jingine bila kujua sababu.

Anayetaka kufuga samaki pekee hana haja ya kuogopa sana. Anayetaka matumbawe aulize waziwazi kama shaba iliwahi kutumika. Jibu likiwa la kusitasita, achukue vioo na meza, aache mawe na mchanga, na kuyapima maji kwa kipimo cha shaba kabla ya kuingiza kiumbe chochote.

Faida ya mawe yaliyokomaa

Tangi lililotumika lina faida moja ambayo fedha hazinunui dukani. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao wenyewe. Bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita kabla ya bakteria hao kutosha, na kuingiza samaki mapema ndiko kunakowaua wengi wao katika mwezi wa kwanza.

Bakteria hao huishi zaidi kwenye mawe na vichujio kuliko ndani ya maji. Mawe yaliyokomaa yakihamishwa yakiwa yamezama katika maji ya bahari yenye mzunguko wa hewa, muda huo wa kungoja hupungua. Yakikauka njiani, bakteria na viumbe wengine hufa na kuoza, na tangi huanza vibaya kuliko lile jipya.

Mchanga wa zamani ni suala jingine. Tabaka lake la chini huficha uchafu wa miaka, na ukivurugwa hutoa sumu kwa wingi. Ni nafuu kununua mpya.

Hali kadhalika, mnunuzi aulize chanzo cha matumbawe. Matumbawe yote magumu yamo katika Orodha ya Pili ya mkataba wa kimataifa wa CITES, unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na kuyavusha mpaka wa nchi bila kibali ni kosa. Wala si busara kwenda kuvunja mawe hai kwenye miamba ya pwani, ambayo matumbawe yake mengi yalikufa kutokana na joto la bahari la mwaka 1998.

Vifaa na gharama ya kila mwezi

Wengi hudhani kwamba tangi ndilo gharama kuu. Katika ufugaji wa maji chumvi, vioo ni sehemu tu. Zipo pampu za mzunguko, taa, mashine ya kutoa uchafu kwa povu, tangi dogo la chini lenye vichujio, chombo cha kusafisha maji ya bomba, na chumvi.

Maji ya bahari yana gramu 35 za chumvi kwa kila lita, hivyo kujaza tangi la lita 680 huhitaji karibu kilo 24 za chumvi maalumu. Kubadilisha asilimia kumi ya maji kila wiki hutumia zaidi ya kilo 120 kwa mwaka. Wakazi wa pwani wanaweza kuchota baharini, mradi iwe mbali na bandari na mifereji ya maji taka. Mkazi wa Nairobi au Arusha hana njia hiyo.

Hali ya hewa nayo hubadilisha hesabu. Matumbawe hustawi katika nyuzi joto 24 hadi 27. Nairobi huhitaji kipasha maji, ilhali Dar es Salaam na Mombasa huhitaji feni au mashine ya kupoza wakati wa kiangazi. Kipasha maji kinachouzwa na tangi la Nairobi hakitamsaidia mnunuzi wa Mombasa.

Vifaa vya zamani vinaweza kuwa ghali kuviendesha. Taa mbili za halaidi za wati 400, zikiwaka saa nane kwa siku, hutumia uniti 192 kwa mwezi wa siku 30, na hupasha maji joto juu yake. Taa za LED hupunguza matumizi hayo kwa kiasi kikubwa. Vifaa vilivyotoka Marekani viliundwa kwa volti 120 na mzunguko wa 60, tofauti na umeme wa Tanzania na Kenya.

Umeme ukikatika, samaki waliojaa katika tangi lisilo na mzunguko huweza kukosa hewa katika saa chache. Wakazi wa Tanzania waliopitia mgawo wa umeme wa mwaka 2006, 2011 na 2023 hawahitaji kukumbushwa. Pampu ya hewa inayotumia betri ni ya lazima, na anayeweza kumudu jenereta aihesabu katika bei ya tangi.

Jipya nalo lina masharti

Tangi jipya humpa mnunuzi dhamana, vipimo anavyotaka na matundu ya mabomba yaliyotobolewa mapema. Jambo hilo la mwisho si dogo, kwa kuwa kioo kilichoimarishwa kwa moto hakitoboleki na mara nyingi mwenye tangi la zamani hajui kama lake ni la aina hiyo. Anayejaribu hubaki na vipande.

Lakini upya pekee si usalama. Fundi vioo hodari wa madirisha si lazima awe fundi wa matangi. Mteja ahakikishe kwamba vioo vina unene wa milimita 12 hadi 15 kwa kimo cha sentimita 61, kutegemea kama kuna mbavu za juu. Silikoni iwe ya matangi ya samaki, si ile ya bafuni iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Gundi iachwe ikauke kwa walau wiki moja, na jaribio la siku saba lifanyike kama kwa tangi la zamani.

Mfano wa Berlin unatosha kuonya pande zote mbili. Tarehe 16 Desemba 2022, tangi la akriliki lenye lita milioni moja lililokuwa ndani ya hoteli mjini humo lilipasuka alfajiri. Watu wawili walijeruhiwa, na wengi wa samaki wapatao 1,500 walikufa. Tangi hilo lilifunguliwa mwaka 2003 na lilikuwa limetoka kukarabatiwa. Uchunguzi haukuthibitisha chanzo kimoja, bali ulitaja uwezekano wa kuachia kwa maungio ya gundi, kukauka kwa akriliki lilipokuwa tupu, au jeraha lililopatikana wakati wa ukarabati.

Kuamua

Hesabu sahihi ni ile inayojumlisha gharama zote hadi siku samaki wa kwanza atakapoingia, pamoja na umeme na chumvi ya miezi 12 inayofuata. Kwa hesabu hiyo, tofauti kati ya tangi jipya na la zamani hupungua kuliko inavyoonekana kwenye tangazo.

Kwa walio wengi, jibu ni mchanganyiko: vioo, meza na tangi la chini vilivyotumika, baada ya kufaulu jaribio la maji, mawe ya zamani ikiwa historia yake inajulikana, na pampu, vipasha joto, taa na mchanga vikiwa vipya.

Anayeishi ghorofani, asiyeweza kupata mwaka wa kuundwa kwa tangi, au asiye na mahali pa kulijaribu kwa wiki nzima, anunue jipya lenye dhamana ya maandishi. Na ambaye bajeti yake inaishia kwenye bei ya vioo pekee, iwe vipya au vya zamani, ni heri aanze na tangi dogo la maji baridi, kwani kangaja na kitatange waliotolewa baharini hawataweza kungoja mshahara wa mwezi ujao.