Mashine ya kuoka mkate nyumbani: mambo ya kupima kabla ya kununua

Mashine ya kuoka mkate ni kifaa cha umeme kinachochanganya unga, kuukanda, kuuacha uumuke na kuuoka, vyote ndani ya chombo kimoja. Katika mwambao wa Ziwa Mweru nchini Zambia, kuanzia Nchelenge na Kashikishi hadi Mununga, kifaa hicho kinaweza kuifaa kaya iliyounganishwa na gridi ya taifa. Kinaweza pia kumeza akiba ya msimu mzima wa uvuvi na kuishia kuwa pambo la kabatini. Tofauti hutokana na mambo yanayoweza kupimwa mapema: volti, uhakika wa umeme, ukubwa, unga unaopatikana na vipuri.

Uzito wa uamuzi huo huonekana zaidi wakati ziwa linapofungwa. Kila mwaka uvuvi katika Ziwa Mweru husitishwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwishoni mwa Februari ili samaki wazaliane. Miezi hiyo mitatu kipato cha wavuvi na wachuuzi wa samaki hupungua, na familia nyingi hutafuta njia nyingine ya kupata riziki. Ndipo wazo la kuoka na kuuza mkate huvutia.

Mashine hufanyaje kazi?

Mashine za aina hii zilianza kuuzwa nchini Japani katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Kampuni ya Matsushita, ambayo leo inajulikana kama Panasonic, ilipokuwa ikitengeneza ya kwake mjini Osaka, ilikwama kwenye ukandaji: ganda la mkate liliungua huku ndani pakibaki pabichi. Mtaalamu wake, Ikuko Tanaka, alikwenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja mjini humo na kugundua kwamba mwokaji huyo aliuvuta unga na kuusokota kwa namna ya pekee. Kampuni iliiga mwendo huo kwa kuongeza matuta ndani ya mashine. Tangu hapo muundo haujabadilika sana: chombo cha alumini kisichogandisha, pangaboi dogo chini yake, mota, koili ya joto pembeni na kompyuta ndogo inayopanga muda.

Programu ya kawaida huchukua muda wa saa 3 hadi 4. Dakika 20 hadi 30 hutumika kwa ukandaji, muda mrefu zaidi kwa uumukaji, na karibu saa nzima ya mwisho kwa uokaji.

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili waliotoka Kongo, neno "mikate" mara nyingi humaanisha maandazi madogo ya mviringo yanayokaangwa, yale ambayo Wazambia huyaita vitumbuwa. Mashine haikaangi. Hutoa mkate mmoja mzima, wenye tundu dogo chini palipokuwa na pangaboi.

Volti na plagi

Umeme wa Zambia ni volti 230, na wa Kongo ni volti 220. Mashine iliyotengenezwa kwa nchi moja kati ya hizo hufanya kazi katika nyingine. Hatari ipo kwenye mitumba kutoka Japani, inayotumia volti 100, au Marekani, inayotumia volti 120. Ikichomekwa moja kwa moja kwenye ukuta wa nyumba ya Zambia, huungua mara moja. Transfoma ya kushusha volti inaweza kuiokoa, lakini lazima iwe na uwezo unaozidi wa mashine yenyewe. Kwa mashine ya wati 500, transfoma ya wati 1,000 ni salama zaidi. Gharama yake huongezwa kwenye bei ya mashine kabla ya kusema kwamba mtumba ni nafuu.

Volti huandikwa kwenye kibandiko kilicho chini au nyuma ya mashine. Kibandiko kikiwa kimebanduliwa, ni busara kutonunua. Kwa upande wa plagi, Zambia na Tanzania hutumia zaidi ile ya pini tatu bapa, huku vifaa vinavyouzwa Lubumbashi au Pweto mara nyingi vikiwa na pini mbili za mviringo. Hilo ni tatizo dogo linalotatuliwa kwa adapta imara.

Umeme unapokatika

Zambia hupata sehemu kubwa ya umeme wake kwa nguvu za maji. Ukame uliotangazwa kuwa janga la kitaifa mwezi Februari 2024 ulipunguza maji katika bwawa la Kariba, na katika vipindi fulani vya mwaka huo kaya nyingi zilipata umeme kwa saa chache tu kwa siku. Mashine inayohitaji saa 3 au 4 mfululizo haivumilii mgao wa namna hiyo.

Baadhi ya mashine zina kumbukumbu: umeme ukirudi ndani ya dakika 10 au 15, huendelea pale zilipoishia. Sifa hiyo inafaa kuulizwa dukani, ingawa husaidia kwa mkatiko mfupi tu. Kwa mgao mrefu, kinga ni kujua unga umefika hatua gani. Ukandaji ukiwa umekwisha, unga hutolewa, huachwa uumuke ndani ya sufuria iliyopakwa mafuta, kisha huokwa juu ya mbaula ukiwa umefunikwa, makaa machache yakiwa chini na mengine juu ya mfuniko.

Mashine ya kawaida ina wati 450 hadi 700, lakini koili haiwaki muda wote. Mkate mmoja hutumia takriban uniti 0.3 hadi 0.4. Mwenye nishati ya jua anaweza kufanya hesabu hivi: betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 huhifadhi uniti 1.2, na nusu yake tu ndiyo inayofaa kutumiwa ili isife mapema. Mkate mmoja basi huchukua zaidi ya nusu ya akiba hiyo, na taa na simu husubiri. Inveta iwe ya wati 1,000 au zaidi na itoe umeme wa mawimbi laini, kwa sababu zile za bei ya chini huweza kuharibu mota. Kwa kaya za makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyofunguliwa wilayani Nchelenge mwaka 2018, zenye paneli ndogo ya taa, mashine hii haifai.

Ukubwa na biashara

Mashine nyingi hutoa mkate wa gramu 450, 700 au 900. Familia ya watu watano au sita huhitaji ule wa gramu 900. Mashine kubwa huweza kuoka mkate mdogo, lakini ndogo ikijazwa kupita kiasi, unga hufurika na kuungua kwenye koili.

Kwa biashara, hesabu ni kali. Mkate mmoja kila baada ya saa 3 au 4 ni mikate mitatu au minne kwa siku, tena siku ambayo umeme haukukatika. Tanuri la matofali linalotumia kuni huoka mikate mingi kwa mkupuo mmoja. Anayetaka kuuza atafaidika zaidi na tanuri. Kama tayari ana mashine, anaweza kuitumia kwa programu ya kukanda pekee, ambayo hutumia umeme kidogo, na kuoka kwa moto.

Anayetaka kula nyumbani anaweza kugawa bei ya mashine kwa idadi ya mikate. Mkate mmoja kila siku kwa miaka miwili ni kama mikate 700. Jibu la mgawanyo huo likijumlishwa na gharama ya unga, hamira na umeme, hulinganishwa na bei ya mkate dukani. Anayeoka mara moja kwa wiki hufikisha mikate 100 hivi tu katika muda huo, na kila mkate wake hubeba sehemu ya bei ya mashine iliyo kubwa mara saba.

Unga wa ngano na unga wa muhogo

Mkate huumuka kwa sababu ya gluteni, protini ya ngano inayonasa hewa ya hamira. Unga unaofaa una protini ya asilimia 11 hadi 13; unga laini wa keki hutoa mkate unaobonyea. Muhogo, ambao ndio chakula kikuu cha mwambao huu, hauna gluteni kabisa. Unaweza kuchanganywa kwa asilimia 10 bila kuharibu mkate, kiwango ambacho Nigeria iliwahi kuwahimiza waokaji wake kukitumia. Ukizidi asilimia 20, mkate huwa mzito. Unga huo utokane na muhogo ulioondolewa sumu ipasavyo; muhogo mchungu usiolowekwa ni hatari, na joto la mashine pekee si tiba.

Kwa mkate wa takriban gramu 700, vipimo vya kuanzia ni unga gramu 450, maji mililita 280, sukari gramu 15, mafuta gramu 15, chumvi gramu 8 na hamira kavu gramu 5. Katika mashine nyingi maji hutangulia, unga hufuata, na hamira huwekwa juu katikati mbali na chumvi. Ziwa Mweru liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, na unga huumuka kwa kasi zaidi katika miinuko. Mkate ukipanda kisha ukabonyea, hamira ipunguzwe kidogo, na katika joto la Oktoba maji yawe baridi.

Vipuri

Sehemu zinazochakaa mapema ni pangaboi, mpira wa kuzuia maji chini ya chombo, na mkanda wa mota. Kabla ya kulipa, mnunuzi anaweza kumwaga maji kidogo ndani ya chombo na kuona kama yanavuja, kulizungusha pangaboi kwa mkono, kisha kuiwasha mashine kwa dakika 10 ili kusikia mota na kuhisi joto. Mashine ya mtumba isiyo na pangaboi lake haikandi, na pangaboi la aina nyingine mara chache hukaa sawasawa. Muuzaji asiyekubali mashine ijaribiwe kwa umeme huwa ameshatoa jibu.