Kasaji: kutoka salongo ya Mobutu hadi mgao wa migodi

Desemba 2024 Joe Biden alifika Lobito, Angola, akakutana na marais Lourenço, Tshisekedi na Hichilema. Kilichowakutanisha ni reli: ile inayoanzia bandarini hapo, inavuka mpaka wa Kongo karibu na Dilolo, inapita miji ya Kasaji na Mutshatsha, hadi Kolwezi kwenye shaba na kobalti. Tangu hapo sifa za njia hiyo, Ukanda wa Lobito, zinaimbwa kila mahali. Kwa Kasaji swali ni moja: treni ikishapita, mji unabaki na nini, na ni nani ataketi na wakazi kupanga?

Historia inaonyesha kwamba mkazi wa huku aliitwa mara nyingi kutoa mikono yake, na mara chache sana kutoa maoni yake.

Reli ya Tenke hadi mpakani ilikamilika mwaka 1931. Miaka miwili baadaye amri ya Wabelgiji ilimtaka mwanakijiji atoe hadi siku 60 kwa mwaka kwa kazi za lazima, zikiwemo barabara na mazao aliyopangiwa. Mwaka 1942, kwa sababu ya vita, siku hizo zikapandishwa hadi 120. Wakoloni walisema mazao hayo ni mafunzo kwa faida ya mkulima mwenyewe. Aliyekaidi alitozwa faini au alifungwa.

Uhuru ulikuja 1960, Katanga, jimbo la Kasaji enzi hizo, ikajitenga, ikarudishwa. Kisha ikaja salongo, kazi ya pamoja ya lazima.

Rais Mobutu alizuru China ya Mao Januari 1973, akavutiwa na nidhamu ya umati uliokuwa ukifanya kazi pamoja. Katika miaka hiyo hiyo Zaire nzima, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ikaanza kutolewa nje kwa salongo. Mwalimu, karani, mama wa sokoni, kila mtu na jembe, panga au ufagio wake. Majani yafyekwe kando ya barabara, mifereji izibuliwe kabla mvua haijakaza, mashimo yafukiwe. Ilitangazwa kuwa ni serikali na raia wakijenga nchi bega kwa bega.

Mtafiti Thomas Callaghy, katika kitabu chake cha 1984 juu ya dola la Zaire, aliifananisha salongo na kazi za shuruti walizotozwa wakulima wa Ufaransa enzi za wafalme. Ugomvi wa raia na salongo haukuwa juu ya jembe. Chini ya Mobutu chama cha MPR na serikali vilikuwa kitu kimoja: kamishna wa zone, yaani wilaya, ndiye pia aliyekuwa mwenyekiti wa chama katika zone hiyo. Yeye aliita watu kazini, yeye alichagua kazi, na lalamiko likitokea lilirudi mezani kwake. Palipotajwa kwamba jasho la Jumamosi limeishia kwenye shamba la mkubwa, hapakuwa na mlango mwingine wa kugonga.

Nakubaliana na Callaghy, ila si kwa yote. Mfereji uliozibuliwa ulipitisha maji kweli, na majirani waliofyeka pamoja walijuana. Kilichoiua salongo ni kwamba aliyeshika jembe hakuwa na sauti.

Na dola hilo lililodai mikono halikuweza kuulinda mji. Machi 1977 waasi wa Katanga wa kundi la FLNC, chini ya Nathaniel Mbumba, waliingia kutoka Angola, wakaishika Kasaji pamoja na Dilolo na Kisenge, na kabla mwezi haujaisha Mutshatsha nayo ikaanguka. Jeshi la Zaire lilirudi nyuma hadi Wamoroko walipoletwa kwa ndege za Ufaransa. Jeshi lilipoikomboa miji hiyo, raia wengi walikimbilia Angola kwa kuogopa kisasi cha askari wa nchi yao wenyewe. Ukimwita mtu kama huyo atoke na jembe kwa ajili ya taifa, atakujibu nini?

Mobutu aliachia mfumo wa chama kimoja tarehe 24 Aprili 1990, na shuruti ile ikalegea. Zikafuata vita na treni za kubahatisha, kisha mwaka 2015 Katanga ikagawanywa na jimbo la Lualaba, lenye Kasaji, likazaliwa.

Leo ushirikiano na wakazi umeandikwa katika sheria. Kanuni ya Madini ya 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 utawala wa mahali mgodi ulipo, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Kampuni inatoa pia asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zilizoguswa na mradi, na inaketi na wawakilishi wao kuandika ahadi zake: shule gani, kisima wapi, kwa ratiba gani. Ni hatua kubwa. Mjumbe wa mtaa ana karatasi ya kuionyesha kampuni.

Lakini sheria hiyo inafuata shimo, haifuati reli. Shaba inayochimbwa kando ya Kolwezi inailipa Kolwezi na jirani zake; ikipita Kasaji kwenye behewa, mji hauongezewi hata senti ya mrabaha kwa kupita kwake. Kasaji inabaki kutegemea ile 25 ya jimbo. Naona hilo si haki kwa mji uliobeba reli hiyo tangu 1931. Bajeti ya Lualaba inapigiwa kura na wabunge wa jimbo huko Kolwezi, na wa Dilolo, eneo la Kasaji, wamo. Wao ndio wa kuulizwa sasa, kabla mikataba ya kukarabati reli haijafungwa, fungu la miji ya njiani limeandikwa ukurasa gani.